Karani wa Tanga na Jina la Baba Mkwe

Saa mbili asubuhi, na jua la Tanga limeshaanza kuuma. Mwinyijuma Kombo, karani wa leseni za biashara, amesimama nje ya ukumbi ndani ya koti aliloazima kwa shemeji yake. Koti linambana makwapa. Hajali. Anacheka peke yake kama bwana harusi.

"Punguza meno, baba," anamtania mkewe, Mastura, aliyemsindikiza. "Wageni watasema Tanga imeleta mchekeshaji."

"Waseme! Mwaka jana kule Moshi nilikaa kama gogo. Leo nimepewa nafasi ya kusema, Mastura. Mimi!"

Huu ni mkutano wa kila mwaka wa makarani wanaoandikisha biashara, na mwaka huu wa 1956 umeangukia Tanga. Makarani wametoka Lushoto, Pangani, hata Dodoma.

Kando ya mlango ameketi Saleha, muuza chai na maandazi wa Pongwe. Amekuja kungoja hatima yake.

"Shikamoo, karani. Watakusikiliza?"

"Marahaba, mwanangu. Wasiponisikiliza nitapiga kelele."

Shida yenyewe ni hii. Mwanamke aliyeolewa akitaka leseni, lazima ataje mbele ya karani, kwa kinywa chake, jina la mumewe na la baba wa mumewe. Mume wa Saleha ni kuli wa bandari huko Mombasa, harudi ila sikukuu. Jina la mume Saleha atalitoa kwa taabu. La baba mkwe halitoi ng'o. Huku pwani, na kwa Wabondei na Washambaa pia, mke mwenye adabu hafanyi hivyo.

"Mzee yule amenilea kama mwanawe," anasema. "Leo nilibwate jina lake ofisini kama namwita mbuzi?"

Kwa kuwa hana leseni, askari wa soko wamekwisha kummwagia chai mara mbili. Wakirudi, wamemwambia, watabeba na masufuria. Hapo ndipo riziki ya watoto wake wanne itakapokwisha.

Ndani, zamu ya Mwinyijuma inafika. Anasimama, na sauti haimtoki nusu. Anaeleza yote.

Eliudi, karani wa Lushoto, anaruka kutoka kitini. "Bwana mwenyekiti, kanuni ni kanuni! Mwenye haya akae jikoni."

"Ngoja nikuambie ya Mwanasiti wa Makorora," anajibu Mwinyijuma. "Alikuja kwangu kuandikisha duka la kanga. Kwa kumstahi mkwewe, akataja jina la mzee jirani. Nami nikaandika. Mwezi haukuisha, jirani akaja na fimbo, kakaa juu ya meza ya duka: 'Leseni ina jina langu, duka langu!' Kumtoa ilikuwa kazi."

Ukumbi unaangua kicheko. Mwinyijuma hampi mwenzake nafasi ya kupumua.

"Na wewe, Eliudi, hebu tutajie mama mkweo. Jina tu."

Eliudi anarudi nyuma hatua moja. "Ala! Unanitafutia laana, Mswahili wewe?"

Sasa wanacheka hadi wanapiga meza, na Eliudi mwenyewe anacheka kuliko wote. "Haya, naondoa neno langu," anasema. "Hili hata mimi siliwezi."

Mwenyekiti, Mzungu aliyetoka Dar es Salaam, anangoja watulie. "Huyo mwanamke ana baba yake?"

"Anaye, bwana."

"Basi aandikwe kwa jina la baba yake. Tutajaribu hapa Tanga mwaka mmoja. Mwakani uje utuambie imekwendaje. Ikiwa hakuna faida, tunarudi tulikotoka."

Mwinyijuma hangoji chai ya mapumziko. Anatoka mbio.

"Wewe binti nani?"

"Binti Jumbe," anajibu Saleha, amesimama wima.

"Basi kesho njoo uchukue leseni yako, Saleha binti Jumbe!"

Mastura anapiga kigelegele hadi makarani wanachungulia madirishani. Saleha amejifunika uso kwa kanga, analia na kucheka pamoja.

Mwinyijuma tayari anawaza mwakani. Kila Jumapili, anasema, atapanda baiskeli kwenda vijijini, hadi Horohoro mpakani ikibidi, kuwaambia wanawake kwamba mlango uko wazi.

"Leo nimesimama na habari ya mwanamke mmoja," anasema, akifungua kifungo cha shingo. "Mwakani nitawataja mmoja mmoja, binti fulani, binti fulani, mpaka Bwana Mkubwa aniombe nikae."