Kopo la Dawa ya Tumbaku Nililompora Shemeji Yangu

Mimi ndiye niliyemvunja taya shemeji yangu. Nimelisema! Si wahuni wa njiani, kama nilivyowaapia polisi pale Kasulu. Ni mimi, na gongo la mninga mkononi.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mkubwa wa wakulima wa tumbaku kijijini kwetu, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Ukinijibu vibaya, nakuchapa kofi kwanza, maneno baadaye. Watu walinipisha njia, nami nikadhani ndiyo heshima.

Kampuni ilituletea dawa ya kuua wadudu vitaluni. Makopo yake yalikuwa mazuri, ya bati, yenye mfuniko wa kukaza na chapa ya kampuni ubavuni. Maandishi yote ya Kizungu. Dawa ikiisha, yule mtu wa kampuni aliwagawia kina mama makopo matupu. “Osheni na jivu, mtekee maji,” aliwaambia. Nilisimama pembeni yake nikiitikia kwa kichwa, na wanawake wakayagombania.

Dada yangu alipata moja. Mtoto wake wa miaka miwili akanywa maji ya kopo lile. Akatoa povu, akajikunja, macho yakageuka. Alifia mgongoni mwa mama yake, zahanati hata haijaonekana.

Mimi nikakitangazia kijiji kizima kwamba ni degedege. Hata mama yangu mzazi nilimwambia hivyo, akaniamini.

Mume wa dada yangu, nitamwita Ntakije, hakuniamini. Alilifunga kopo kwenye kitambaa, akaenda mahakamani Kasulu kuishitaki kampuni. Kuishitaki kampuni! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini karani alimpangia siku, akamwambia alete kopo na asilioshe tena.

Kicheko kilitukauka mtu wa kampuni alipokuja. “Kesi hii ikisikilizwa, lori halifiki hapa,” alisema. “Tumbaku yenu mtaila kwa ugali. Wewe si mkubwa wao? Mnyamazishe shemeji yako.”

Asubuhi ya kesi nikamvizia njiani na wenzangu wawili. Ntakije alikuwa amevaa shati lake la kanisani, kopo kwapani. Aliponiona alifurahi. Jamani, alifurahi!

“Shemeji, umekuja kunisindikiza?”

Gongo la kwanza lilimpata shavuni, nikausikia mfupa ukivunjika. Alianguka amelikumbatia kopo lake. Nikamkanyaga vidole mpaka akaliachia. Meno mawili yalibaki kwenye vumbi. Wenzangu wakaniambia inatosha, utamuua. Sikuwasikia, nikaendelea kumpiga mateke ya mbavu. “Unataka kutuua na njaa!” nilimfokea, naye anagugumia damu tu.

Kesi ikafutwa kwa sababu mlalamikaji hakutokea.

Na kopo? Ningelipondaponda kwa jiwe! Lakini kopo zima vile, linang’aa, mkono wangu wa kupiga watu ukashindwa kupiga bati. Nikalificha nyuma ya kuni kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto.

Aliyekuwa akichochea moto wa bani ni mama yangu. Alishinda mle kutwa nzima na kiko chake mdomoni. Akaliona kopo, akalisuuza kidogo, akatia maji yake ya kunywa. Joto la mle ndani unalijua. Aliyanywa siku nzima.

Mke wangu ndiye aliyepiga kelele kwa Kiha, “Mawe weee!” yaani mama wee. Nilipofika mama alikuwa anajipigapiga chini, povu limejaa mdomoni. Nilimshika kwa nguvu zangu zote. Nguvu zile zile, ndugu yangu, na hazikumsaidia kitu.

Dada alikuja msibani. Alinivaa shingoni kwa kucha mbele ya watu, alama ninazo hadi leo. “Mwanangu kauawa na kampuni,” alisema. “Mama umemuua wewe.”

Baada ya matanga nikaenda kumpigia Ntakije magoti. Nikamwambia kopo ninalo, twende wote mahakamani. Taya lilikuwa limeunga upande, maneno yanatoka na mate.

“Nitakwenda,” alisema. “Ila hakimu akiniuliza kwa nini sikutokea siku ile, nitamwambia.”

Nikasema sawa. Kesho yake alinisubiri njia panda mpaka jua likawa utosini. Sikwenda! Niliogopa jela. Mbabe mzima nilijifungia chumbani, nimelala kifudifudi, mke wangu ananigongea mlango.

Ninyi mnaolima jani hili, nawaomba. Mkimwona jirani anakwenda kuishitaki kampuni, msimcheke wala msimguse. Mbebeeni hilo kopo mpaka mbele ya hakimu. Mimi nilimzuia mwenzangu mara mbili. Ntakije ameshakufa, dada hanisalimii, na kampuni ile mpaka leo haijaulizwa hata swali moja.