Matairi ya Kumrudisha Mama Kwake

Ukisikia watu wakisema mkwe na mavyaa hawapikiki chungu kimoja, wapeleke kwa dobi wetu wakajionee. Mama huyu mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni, anayefua mashuka ya nyumba za wageni na kuyapiga pasi mpaka yanataka kusimama yenyewe, alimpenda mama wa mumewe kuliko alivyowahi kumwambia. Alipoolewa hakujua hata kukamua blanketi. Yule bibi ndiye aliyemwonyesha, na ndiye aliyewalea watoto wake huku yeye akihangaika kutoka beseni moja la kuazima mpaka duka lenye mashine zake. Hakumuuliza hata siku moja, "Leo utarudi saa ngapi?" Watoto wakakua, wakaenda zao kusoma, na bibi naye akarudi kwake kilimani.

Shida ilikuwa njia. Karibu kabisa na nyumba ya bibi, mwamba umejitokeza katikati ya barabara kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Gari la dobi ni lile la kusambazia nguo, dogo la mwili ingawa linajifanya la porini, na kila lilipofika pale tumbo lilikwaruza. Kwa hiyo abiria walishuka, wakatembea, gari likapita tupu. Yote sawa, mpaka bibi alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Akaletwa mjini kuuguzwa kwa dobi, akapata nafuu, akaanza kutembea kwa fimbo. Lakini kuupanda ule mwamba kwa miguu, daktari alikataa katakata. Kubebwa mgongoni akakataa mwenyewe.

"Mimi si gunia," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi akakaa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza dobi. Alikaa katika chumba cha watoto akikunja foronya za wageni asiowajua, na kila asubuhi alifungua dirisha akatazama ukuta wa jirani. Siku moja dobi alimsikia akijisemea, "Kuku wangu sijui siku hizi wanataga wapi." Siku hiyo hiyo akawachukua mumewe na bibi, wakaenda kwa fundi matairi.

Fundi huyo aliitwa Upepo. Jina hilo alilipata kwa kujaza matairi, si kwa kasi, maana kasi hakuwa nayo hata ya kukopa. Alijilaza chini ya gari, akapima kwa kiganja, akatoka akijipangusa.

"Tairi likiongezeka kimo, gari linainuka, ila kwa nusu tu ya ulichoongeza," alieleza. "Nusu nyingine inakwenda juu, kwenye madigadi, hii mifuniko ya magurudumu. Ukizidisha, litakula plastiki."

Mume wa dobi hakusikia neno baada ya "kuongezeka". Mtaani wanamwita Ongeza, kwa kuwa chai ataiongeza sukari na redio ataiongeza sauti, na kabla mkewe hajafungua mdomo alikuwa ameshalikumbatia tairi kubwa kuliko yote dukani.

"Haya ndiyo matairi, bwana!"

"Hayo mnunulie trekta," Upepo akamjibu, lakini akalifunga moja mbele ili macho yajionee. Usukani haukufika hata nusu, tairi likagota. Ongeza akajikuna kichwa, akasema alikuwa anajaribu tu.

Wakachukua yaliyozidi kidogo, kidogo kiasi kwamba usipoambiwa hutajua. Upepo akayapaka choki mabegani, kwenye kingo zake za juu. "Gari tupu halisemi kweli," akasema. "Lipakieni, kisha tukate usukani mpaka mwisho, mbele na nyuma. Likigusa, choki itatwambia."

Dobi akapakia mabeseni ya mashuka mabichi, na shuka lililolowa ni mzigo usio na utani. Bibi, aliyekuwa kwenye benchi la fundi muda wote huo, akainuka na fimbo yake.

"Shuka halina nyonga. Nipakieni mimi."

"Mama, haya ni majaribio tu."

"Ndiyo maana. Kama ni kuumia, niumie hapa karibu na kitanda."

Akapanda. Dobi akazunguka naye uani, akapanda ukingo wa saruji na kushuka, akarudi kinyumenyume. Upepo akachungulia kwa tochi. Plastiki ya upande wa kushoto ilikuwa na alama nyeupe.

"Linagusa," akasema.

Hapa sitamficha mtu: moyo wa dobi uliruka kwa furaha. Linagusa, basi Mama haendi! Furaha yenyewe haikudumu, kwa sababu kwenye kioo alimwona bibi nyuma yake amefumba macho, midomo imekaza, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Aibu ikamshika dobi mpaka masikio yakamwaka.

"Halirekebishiki?" akauliza haraka.

"Linarekebishika. Plastiki ukiipa moto kwa adabu inakubali. Wewe na pasi yako hujui hilo?"

Akafungua skrubu, akaipasha kwa hewa ya moto, akaivuta nyuma, akaifunga upya. Wakapaka choki tena, wakazunguka tena, na safari hii plastiki ikabaki safi. Upepo akamwonya dobi kwamba mshale wa spidi sasa utasema pungufu kidogo ya mwendo wenyewe, asiuamini sana. Kisha akamgeukia bibi.

"Mama, mguu unasemaje?"

"Ni nyonga," bibi akamsahihisha. "Inasema asante."

Jumamosi wakaondoka wawili. Ongeza akaachiwa duka, na onyo kwamba pasi asiiongeze moto. Walipofika kwenye mwamba dobi akasimama, akashika kitasa cha mlango kwa mazoea.

"Umesimamia nini?"

"Nilitaka kukushu..." Akakumbuka.

"Endesha, mwanangu."

Magurudumu ya mbele yakapanda taratibu, yakashuka. Dobi alingoja kile kishindo cha tumbo la gari kukwaruza. Hakikuja. Ya nyuma yakapanda, yakashuka. Bibi akakipiga kiti cha mbele kofi moja la pongezi, wakafika mpaka mlangoni kwake.

Dobi akashusha masanduku, akatandika kitanda, akafungua madirisha, akatafuta kazi nyingine akaikosa.

"Nenda sasa, wateja wanakungoja," bibi akasema. "Na gari linafika mlangoni, usije ukanisingizia njia." Wakacheka, dobi akaondoka.

Hakufika mbali. Alipouvuka mwamba akasimamisha gari, machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo alikuwa amemwambia bibi asante kwa chai, asante kwa foronya, asante za mazoea. Ile ya watoto wake, ya duka lake, ya maisha yake yote, hakuwahi kuitoa. Ilikuwa kubwa mno, hakujua pa kuianzia. Akageuza gari, akaupanda mwamba tena.

Bibi alikuwa bado amesimama kizingitini.

"Umesahau nini?"

"Kushukuru, Mama."

Bibi akasogea kumpisha.

"Basi ingia ukae," akasema. "Shukrani hiyo si ya mlangoni."