Telegramu Niliyoisoma kwa Pupa

Haya, mnacheka kabla sijaanza, kwa hiyo nusu mmeshasimuliwa na watu wa Msambweni, basi sikilizeni nusu ya pili kwa mwenyewe, maana aibu ile ni yangu na sipendi kuona wengine wakiichezea. Ndiyo, ni mimi niliyemliza mama wa watu tangu asubuhi hadi alasiri kwa ajili ya neno moja la Kizungu. Ndiyo, lori lilijaa watu mpaka juu. Na ile nguo nyeupe niliikata mimi kwa mikono yangu (hiyo hawakuwaambia? basi ngojeni).

Miaka hiyo ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa karani katika duka la Bi. Sakina pale barabarani. Bi. Sakina alikuwa Mhindi, Mwislamu, mjane, mzaliwa wa Gazi, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na alisoma Kurani na maandishi ya kwao vizuri sana, lakini herufi za Kizungu zilikuwa hazimwambii kitu, kwa hiyo barua zote za Kizungu nilimsomea mimi. Mimi nilikuwa nimefika darasa la sita (la tano, tuseme kweli, la sita nililiona kutoka mlangoni), nami nilikuwa nikitembea na kalamu mbili katika mfuko wa shati, moja haina wino.

Bi. Sakina alikuwa na mtoto mmoja tu, Yusufu, rika langu, tuliyekua naye, tukavua naye kaa, tukachapwa naye chuo cha Kurani na mwalimu yule yule. Yusufu alicheza kirikiti, ule mchezo wa Kizungu wa gongo na vijiti vitatu. Alijifunza katika uwanja wa shamba la miwa, pamoja na makarani wa Kihindi wa kiwandani, na sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuingia katika miwa kuutafuta mpira, na ukitafuta mpira miaka minne utaujua mchezo hata kama hutaki. Alikuwa akirusha kasi, wallahi, vile vijiti vitatu akivipata huvioni tena. Akaenda kukaa Mombasa kwa mjomba wake, akacheza huko, halafu siku moja tukasikia yumo miongoni mwa wale wanaofikiriwa kuingia timu ya Kenya ya kupambana na wageni wa kutoka ng'ambo. Msambweni nzima ikawa haina habari nyingine.

Sasa pale dukani palikuwa na benchi, na katika benchi lile nilikuwa na adui yangu mpenzi, Dresa Mwinyi, mfunga vidonda wa hospitali, mtu wa makamo, aliyejua Kizungu kweli kweli (hilo nalikiri leo, wakati ule ningekatwa ulimi kwanza). Karibu mwezi mzima tulibishana jambo moja, ya kwamba nafasi ya mrushaji imebaki moja, je apewe Yusufu au yule kijana wa Kisumu? Dresa alisema Yusufu ana mkono lakini ana hasira, akipigwa mpira mmoja tu ananuna, na kwamba timu haitaki mtu wa kununa, inataka mtu mtulivu kama yule wa Kisumu. Nikamwuliza yule wa Kisumu umemwona wapi. Akasema gazetini. Basi tukalitafuta lile gazeti, tukaikuta picha ndogo, kofia na nusu ya uso, na katika ile nusu ya uso Dresa akasoma subira, mimi nikasoma unafiki, tukapandishana sauti mpaka wateja wakawa wanatupita. Hata kepteni, ambaye hakuna aliyepata kumwona, tulikwisha kumjua tabia zake zote, na tulikubaliana kuwa ni bahili kwa jinsi anavyosimama pichani. Bi. Sakina alikuwa akipima sukari yake akitusikiliza, halafu anasema yeye anataka mwanawe ale vizuri na arudi nyumbani salama, hayo mengine tutajua wenyewe.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaja tarishi na baiskeli, akatoa telegramu. Benchi lilikuwa limejaa, maana sote tulijua timu inatajwa siku hizo. Bi. Sakina aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akanipa, lakini akaniambia kwa upole, "Rashidi mwanangu, Dresa anakuja sasa hivi kunywa chai. Mngoje mwisome pamoja."

Hapo ndipo nilipokosea. Kungoja dakika kumi tu. Lakini nikaona picha yote, Dresa anaisoma, Dresa anatangaza, Dresa anapongezwa, na mimi nimekaa na kalamu zangu mbili. Nikamwambia Bi. Sakina kuwa Kizungu cha Dresa ni cha dawa na madonda, hiki ni cha michezo, nikaifungua, nikapanda ngazi ya duka ili wote wanione.

Neno la kwanza lilikuwa "dropped". Hilo nililijua kama jina langu, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa akiangusha chaki sakafuni kutufundisha neno hilo. Nikatangaza, "Ameangushwa." Maneno yaliyofuata yalikuwa "cannot face home". Cannot, hawezi. Face, uso. Home, nyumbani. Ningekuwa na akili ningenyamaza, lakini watu wananitazama, nikasema uso wake, uso wake hauwezi kuja nyumbani. Na mwisho kabisa, kabla ya jina la mjomba wake, ilisema mwambieni mama kwa upole, jambo ambalo nililitafsiri sawasawa bila kosa lolote, na ndilo lililotumaliza.

Bi. Sakina hakupiga kelele. Aliweka kopo la kupimia sukari juu ya meza, akakaa juu ya gunia la kunde, akauliza, "Ameangushwa na nini?"

Sasa mtu mwenye haya angesema sijui. Mimi nikasema itakuwa ni mpira, mama, ule mpira wao ni mgumu kama jiwe, na itakuwa ni yule wa Kisumu, kwani nilisema tangu mwanzo mtu mwenye uso ule si mtu wa kuaminiwa. Dresa ndiyo kwanza anafika, amevaa kofia yake, anatabasamu, akakuta watu wote wanamgeukia, huyo hapo rafiki wa muuaji, huyo aliyekuwa akimsifu. Maskini, aliduwaa. Alikwisha kumsifu yule kijana mwezi mzima, sasa anaambiwa kijana huyo amempasua uso Yusufu, basi hakuwa na mdomo wa kuuliza neno, wala kuomba kuiona telegramu. Alikimbia hospitali, akarudi na mkoba wa bandeji. Nami nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni.

Duka likafungwa. Na duka la Bi. Sakina lilikuwa halijafungwa mchana tangu alipofiwa na mumewe, kwa hiyo kila aliyepita akaona milango imefungwa alijua ni jambo kubwa, akaja, na aliyekuja hakuondoka. Lori la duka, lile la kuchukulia nazi kavu, likatandikwa godoro la kumlaza mgonjwa, wakapanda wanawake wamemzunguka Bi. Sakina, akapanda Dresa, wakapanda jamaa wa benchi. Maalim Athumani wa msikitini alinivuta nyuma ya duka akaniambia taratibu, "Pima bafta ya sanda, Rashidi. Uifunge ndani ya mkeka, mama asiione."

Nilichukua mkasi. Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kulia, lakini niliipima nguo ile kwa kimo cha Yusufu, na kimo chake nilikuwa sihitaji kuuliza, tumepimana mabega ukutani tangu tukiwa wadogo. Nililia pale nyuma ya duka peke yangu, na wala haukuwa mzaha.

Njiani ndiyo habari ilizidi kukua. Tulipofika Gazi watu wa Bi. Sakina walisimamisha lori, wakaambiwa, wakapanda wengine wawili. Yule wa Kisumu alilaaniwa kutoka Gazi mpaka Likoni bila kupumzika, na mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza. Kwenye feri mwanamke mmoja, simjui hanijui, aliona vile vilio na godoro, akamsogelea Bi. Sakina akampa pole, akauliza mazishi ni lini. Bi. Sakina alijifunika uso kwa ukaya wake, na mimi kwa mara ya kwanza nilijiuliza, je, ile karatasi niliisoma vizuri? Nikajijibu, angalieni ujinga, kwamba sasa tumeshakuwa wengi mno kuuliza.

Hospitali ya Mombasa Yusufu hakuwako. Waliangalia daftari, wakaangalia tena, hakuna mtu wa jina hilo aliyeletwa, wala mwenye uso wa kupasuka. Maalim alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Kama hayumo hospitali, basi ameshakufa, kila mtu alikwisha kufahamu hivyo. Tukaenda kwa mjomba wake, Kibokoni.

Mlango ulikuwa wazi, mjomba mwenyewe yuko sokoni. Tuliingia wote kwa pamoja, na ndani, juu ya kitanda, tukamkuta Yusufu amelala chali, amefunikwa shuka nyeupe kutoka vidoleni mpaka kichwani. Bi. Sakina alitembea mpaka kitandani, akashika ncha ya shuka, akaifunua.

Yusufu alifungua macho. Alikuwa na chembe za biskuti mdomoni.

Sijui ni nani aliyeogopa zaidi, sisi au yeye, kwa kuwa yeye aliamka akaona mama yake, maalim, dresa na mkoba, wanawake wanalia, na nusu ya Msambweni imesimama chumbani mpaka barazani. Bi. Sakina alimshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa, pua, mashavu, paji, akaupapasa tena. Na Yusufu naye akaanza kulia, akasema, "Mama nisamehe. Sikujua kwamba mtalichukulia hivi. Nilitaka kukaa siku chache tu mpaka watu wasahau."

"Wasahau nini?"

"Kwamba nimeachwa kwenye timu. Wamemchukua yule wa Kisumu."

Dresa akageuka polepole, akaninyooshea mkono, nikampa karatasi. Aliisoma mara moja tu, kimya, akavua miwani, akaifuta, akasema mbele ya watu wote kwamba "dropped" kwa mchezaji ni kuachwa, na "cannot face home" ni kuona haya kurudi nyumbani. Macho yote ya chumba kile yalikuwa juu yangu, hata ya watoto wa jirani waliokuwa dirishani, na natamani niwaelezee nilivyojisikia lakini kwa kweli nilikuwa natafuta pa kuziweka zile kalamu. Na ili nimalizike vizuri, Yusufu akasema yule kijana wa Kisumu alikuja asubuhi ile ile kumpa mkono na kumfariji, na zile biskuti ni yeye aliyezileta. Waliokuwa wakimlaani tangu Gazi walianza kuangalia dari.

Bi. Sakina alianguka sijida pale pale sakafuni. Alipoinuka alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akarudia mara tatu, kuachwa tu, kuachwa tu, alhamdulillahi, kuachwa tu. Halafu akaniita. Nilikwenda nikiwa nimefumba jicho moja, nikijua kofi linakuja na kazi inakwenda, wala singelalamika. Akanishika sikio, si kwa nguvu sana, akasema, "Umeniua asubuhi, Rashidi. Kesho ufungue duka mapema." Roho yangu ilirudi mahali pake, nikatoka nje nikakaa kizingitini.

Yusufu hakutaka kurudi nasi. Alisema atachekwa, alisema wote walikuwa wakimngojea awe mchezaji wa Kenya, atawatazamaje. Mama yake hakubishana naye, alimvika viatu tu kama mtoto. Kwenye lori akakaa juu ya ule mkeka, akahisi kitu, akaufungua, akaiona bafta, akauliza ni ya nini. Dresa ndiye aliyejibu, Mungu amrehemu, akasema ni ya kumshonea suruali mpya za kuchezea, kwa kuwa zile za zamani zimembana, na hapo ndipo nilipoacha kuwa adui yake.

Tulifika Msambweni jua bado liko juu. Mbele ya duka palikuwa pamejaa, watu wametandika majamvi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wanangoja maiti. Yusufu akashuka na miguu yake. Wallahi sijapata kusikia vigelegele kama vile, hata katika harusi. Wazee walimshika uso, wanawake walimshika uso, mtu aliyeachwa kwenye timu hajapokewa vile popote, na katika wote wale hakuna hata mmoja aliyemwuliza habari za kirikiti. Wote walikuwa wanauliza nani alisoma telegramu.

Yusufu alinitafuta mpaka akanipata nyuma ya magunia. Akaniambia, "Nilijificha siku mbili nisichekwe, na sasa hakuna hata mmoja anayenicheka mimi." Nikamwambia kazi hiyo nimeipokea, asiwe na wasiwasi. Akacheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza siku ile, na mimi nikaona sawa, nicheke naye, kuliko ile sanda niliyokuwa nimeipima kwa mkasi asubuhi.

Walinicheka miaka, na kama mnavyoona hawajamaliza. Lakini tangu siku ile, karatasi ikiletwa kwangu nikakuta ndani yake neno moja tu silielewi, hata kama nimezungukwa na watu mia, nasema sijui, tena kwa sauti, na aibu yake huwa ni ya dakika moja.