Kikapu Kitupu cha Bochaberi

Bochaberi alishuka basi Kericho mwezi wa tano, 1969, akiwa na kikapu kitupu mkononi, na bintiye Mokeira alipokiona tu alijua kilichomleta. Mama anayetoka Kisii kutembelea watoto wake huja na ndizi, huja na wimbi, huja hata na kuku. Haji na kikapu kitupu. Hicho kilikuwa cha kubebea nguo za Nyambeki, mjukuu wake.

Wala hakuficha. "Mtoto wa miaka saba analelewa kambini, katikati ya majani chai na moshi wa kiwanda, atajua nini?" alisema kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. "Nataka nikae naye nyumbani mpaka akomae. Lakini mimi si mtu mbaya. Jumapili tutatembea mtoni nimpime. Akijua vitu vya nchi, abaki."

Basi wiki nzima Mokeira akageuka mwalimu. Akitoka kuchuna chai, mgongo unamuuma, kabla hata ya kuwasha moto alikuwa anamwuliza mtoto: huyu mdudu ni nani, yule anauma, uyoga upi unaliwa. "Ule mweupe mkubwa ulio kama mwavuli ni wa kichuguu. Nyanya akikuonyesha, jibu upesi kwamba unaliwa. Usimung'unye maneno." Nyambeki aliitikia huku macho yako kwa panzi aliyemfunga uzi. Mtoto mwenyewe ndiye huyo mmoja tu, na Mokeira hakutaka hata kuifikiria ile nyumba bila kelele zake.

Jumapili baada ya kanisa wakateremka hadi mto Kiptiget, jua limetoka vizuri baada ya mvua. Nyanya na mjukuu mbele, Mokeira nyuma yao, halafu Gekara, baba mtoto, hatua ishirini nyuma kabisa, kwa sababu mkwe mwenye adabu hamsogelei mama mkwe wala hamsemeshi ovyo. Likiwapo neno, linapitia kwa Mokeira. Maskini Gekara, na koti lake la kanisa, alikuwa anatembea kama mtu anayeswaga ng'ombe wa wenyewe.

"Huyu nani?" Bochaberi alianza.

"Vunjajungu, nyanya. Hana neno na mtu. Anakula wenzake."

"Na huyo juu ya maji?"

"Kerengende. Watoto wake wanakaa chini ya mawe, wabaya hao, hawafanani naye hata kidogo."

Mokeira alikuwa anafuata midomo ya mwanawe, kila jibu analimeza naye, hata asione siafu waliokuwa wanavuka njia. Nyambeki aliwaruka. Bochaberi aliwaruka. Mokeira akasimama katikati yao, na muda si muda alikuwa kichakani anakung'uta rinda na kulalamika. Gekara aligeukia mlimani kwa heshima, mabega yanamtikisika.

Walipofika kwenye majani ya malisho, Bochaberi aliinama akang'oa uyoga mmoja mkubwa, mweupe, mnene. "Na huu? Tukaupike?"

Mokeira alishusha pumzi. Ni ule ule waliousoma wiki nzima. "Sema," alinong'ona.

Nyuma huko Gekara akakohoa.

Nyambeki aliupokea, akaupindua, akachungulia chini ya kofia, akatazama shina linapoishia. Gekara akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Mwambie mumeo anywe maji," Bochaberi alisema bila kugeuka.

"Huu siujui," Nyambeki akasema mwishowe. "Wa kichuguu una mzizi mrefu unaingia ndani kabisa. Huu hauna. Na chini hapa ni kijani kijani. Mimi sili."

Mokeira akadakia. "Mama, anaujua, ni aibu tu. Huo unaliwa. Hata mimi ningeupika leo."

Bochaberi alimtazama bintiye. "Ungeupika," alisema polepole. "Na sote tungetapika mpaka matumbo yatoke." Akautupa mtoni, akanawa mikono. "Nani amekufunza, mjukuu wangu?"

"Baba. Anasema kama kitu hukijui, sema hukijui, uende zako."

Bochaberi aligeuka, akatazama si mkwewe bali mkaratusi uliokuwa karibu naye, kama adabu inavyotaka. "Mokeira, mwambie huyo mwenye kikohozi kwamba mtoto anabaki."

Kikohozi kilipona hapo hapo. Nyambeki akawaongoza hadi kichuguu anachokijua yeye, wakachuma uyoga wa kweli mpaka kitenge cha Mokeira kikajaa. Ule walioshindwa kuumaliza waliuanika juu ya bati.

Alhamisi Bochaberi alipanda basi kurudi kwake, kikapu kimejaa uyoga mkavu hadi mdomoni. Mokeira alimpitishia dirishani, bado anaona haya.

"Mtoto amepita," mama alimwambia. "Wewe ndiye ungerudi nyumbani ukafunzwe upya. Bahati yako hukutoshea kikapuni."