Abiria wa Zena

Zena binti Mahamudu alijulikana katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa mambo mawili: ulimi mrefu na uvivu wa kutembea. Hata kwenda bombani, hatua chache kutoka kwake, alipanda kabaza. Alikaa nyuma ya baiskeli kama mke wa gavana, na njia nzima alimsimanga Ndayisenga, dereva wake Mrundi, kwamba anakanyaga pedali kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Sokoni alikouza sambusa hakuna aliyepona. Léoncie, muuza mkaa, alibatizwa Mama Vumbi. Sinzinkayo, fundi cherehani mwenye tumbo, aliambiwa anashona suruali za watu wa mguu mmoja na nusu.

Kisha baba yake akapatikana na saratani ya koo. Madaktari wa Lilongwe walitaka matibabu yaanze kabla ya mwezi kwisha, na mgonjwa akae karibu na hospitali kwa wiki nyingi. Kulihitajika chumba cha kupanga katika mtaa wa Chinsapo, nauli, na chakula laini cha mtu anayemeza kwa shida. Waumini wa msikitini walichanga haraka, na Mzee Mahamudu akawarudishia pesa zote. Alikuwa amefanya biashara Kindu, kule Kongo, miaka thelathini, na hakuzoea kupokea kitu bila kutoa kitu.

“Mi siko mwombaji,” alisema kwa sauti iliyokwaruza. “Pesa yenye haikutoka ku kazi, mi siitaki.”

Zena alilia, akamlaani moyoni kwa ukaidi wake, akalia tena.

Wazo lilitoka kwa rafiki yake Spès, aliyehamia Kanada. Alimtumia video ya watu wanaokimbia kuzunguka ziwa huku wenzao wakiwalipa kwa ajili ya wagonjwa. Zena alicheka. Nani kambini angelipa kumwona mtu akikimbia, wakati kila mtu hapa anataabika kwa miguu yake bure? Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Dzaleka nzima ingekilipia bila kubembelezwa, nacho ni kumwona Zena akitokwa na jasho.

Akatangaza sokoni kwamba kwa siku ishirini dereva ni yeye. Atakayelipa atabebwa kutoka sokoni, kupanda kilima, hadi kwenye lami, na bei ni mara kumi ya kabaza ya kawaida. Abiria anaruhusiwa kumsema dereva apendavyo. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichouza.

Ndayisenga alimwazimisha baiskeli yake kwa sharti kwamba awe abiria wa kwanza. Alikunja mikono huko nyuma akalipiza miaka yote, kwa upole wa Kirundi unaochoma zaidi ya matusi, mpaka wote wawili wakaingia mtaroni. Léoncie alikuja na gunia la mkaa na mwavuli uliofunguliwa, akasema malkia hasafiri bila mizigo. Wiki ya pili watu walipanga foleni. Zena, suruali chini ya kikwembe, alihema, akanyamaza, akakanyaga. Miguu ilimkatalia hata kuchuchumaa chooni.

Watu wakamfikishia Mzee habari kwamba binti yake anakusanya pesa. Alipomuuliza, Zena alimwambia ni za kazi. Mzee hakuamini. Siku ya kumi na nane akajikokota hadi kilimani, akakaa juu ya jiwe.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Sinzinkayo na tumbo lake. Zena alipanda amesimama juu ya pedali, mtandio umelowa, huku fundi akiuliza kwa sauti kama dereva anahitaji kupunguziwa mguu. Zena akamwona baba yake, na nusura aanguke. Mzee alimtazama, akainuka, akaenda zake. Zena alijua amemwaibisha, na kwamba pesa zote zitarudishwa.

Asubuhi iliyofuata Mzee alikuwa kwenye foleni, kanzu imenyooshwa, na mabegi mawili: lake, na lingine alilompangia Zena.

“Kufika ku lami ni ngapi?”

Zena alimwambia yeye atabebwa bure. Mzee akamtazama kama anayemtazama mteja mjinga.

“Kazi ya bure njo kazi gani? Sema bei, nami nitaomba upunguze.”

Wakapatana, sauti yake ikikatika kila mara, na soko zima likangoja. Akalipa, akapanda, akamshika kiuno.

Zena akasukuma kwa nguvu zile zile za kila siku, na baiskeli ikaruka mbele. Nyuma yake, hata pamoja na mabegi, hapakuwa na uzito wowote. Hakuwahi kubeba abiria mwepesi hivyo. Kilima kikawa rahisi, na urahisi huo ukamuumiza kuliko magunia yote. Akapunguza mwendo ili kisiishe.

“Haraka basi,” Mzee alisema. “Minibasi ya Lilongwe itatuacha, na mi nimelipa.”

Zena akafuta uso kwa mkono mmoja, akashukuru kwamba dereva hukaa mbele, na akakanyaga.