Visu vya Wabwire na Sukuma ya Nanyama

Nanyama hasifu kitu. Ukimwonyesha mtoto mchanga atakuambia ana masikio. Pasta alipomuuliza mahubiri yalikuwaje, alijibu kwamba yaliisha. Watu wa Laini Saba, hapa Kibera, wamemzoea. Wanamwita Mama Austin, wanamsalimia, wanapita haraka kabla hajaangalia viatu vyao.

Anauza sukuma wiki kando ya reli. Mimi huuza mandazi karibu naye, kwa hivyo haya sikuambiwa, niliyaona.

Kwa miaka mingi meza yake ilikuwa chini ya mabati ya Wabwire, fundi wa visu. Wote ni wa Busia, na Wabwire ndiye aliyemwambia aweke meza pale alipofika Nairobi na mtoto mgongoni. Hakumtoza kitu. Na mabati hayo hayakuwa urembo. Sukuma ikipigwa na jua inalala kabla ya saa nne, na ikishalala hakuna mtu anaitaka, hata ukimwongezea. Kwa Nanyama yale mabati ndiyo yalikuwa biashara, sukuma ilikuwa bidhaa tu.

Wabwire anatengeneza visu vya kukunja, vya kuweka mfukoni. Chuma anakitoa kwenye springi za magari zilizovunjika. Mpini anauchonga kwa mfupa wa ng'ombe na kuusugua na msasa mpaka unang'aa kama jino la tajiri. Bei yake si ya kucheza. Ukimwona mtu Makina anamenya chungwa polepole kuliko inavyohitajika, ujue ana kisu cha Wabwire na anataka kiulizwe.

Zamani kisu kikimalizika hakikuuzwa. Wabwire alikileta kwenye meza ya Nanyama, akakiweka, akarudi ndani. Nanyama akakitumia asubuhi nzima kukatia wateja. Anakata vile akina mama wote wa mboga hukata: majani yamekunjwa mkono wa kushoto, kisu kinakuja kikielekea kidole gumba, na sukuma inaanguka nyembamba kama uzi. Kisu kikiwa kinacheza pale kwenye msumari unaokishika na mpini, kidole ndicho hupata habari kwanza. Gumba la Nanyama lina alama nyingi.

Jioni alirudisha kisu na ripoti. Kinacheza. Kinakwaruza mpini kikifungwa. Makali yameisha mapema. Wabwire alichukua bila kubishana, akaenda kurekebisha. Lakini kikiwa sawa, Nanyama alisema, "Ni kisu." Basi. Hilo ndilo neno lake kubwa kuliko yote, na sidhani Austin mwenyewe amewahi kupata la kulingana nalo.

Halafu akaja Gachanja. Gachanja ana ploti ya nyumba za kupangisha na duka la hardware Kawangware. Alinunua kisu kimoja, akakipenda, akarudi na mpango: visu vyote viende kwake, kila kimoja ndani ya boksi jeusi lenye jina la Wabwire kwa herufi za dhahabu. Wabwire aliliangalia jina lake muda mrefu. Akaajiri vijana wawili. Kuanzia hapo kisu kilitoka kwenye jiwe la kunoa kikaingia moja kwa moja kwenye boksi.

Ukaguzi haukuisha. Wabwire alikagua maboksi. Lenye kona iliyobonyea lilirudishwa. Lenye herufi iliyofifia lilirudishwa. Kwa kweli sijawahi kuona maboksi mazuri kama yale.

Nanyama aliuliza mara moja tu mbona visu haviji mezani siku hizi. Wabwire akamwambia hivi ni visu vya mfukoni, si vya mboga. Nanyama akasema mfukoni hata kijiko kinakaa.

Malalamiko yakaanza kuja. Mlinzi mmoja wa mtaa wa Olympic alileta kisu ambacho kikifunguliwa kilijiinamia upande mmoja kama mtu aliyechoka. Wabwire alimwambia hajui kukifungua. Wengine walienda kuandika kwenye ukurasa wa duka mtandaoni, na huko hakuna wa kukuambia hujui kufungua. Binti ya Gachanja, Becky, ndiye anayesimamia huo ukurasa. Akaona dawa ni video ya mteja wa kweli akisifu kisu. Wabwire akawaambia yuko mama ana maneno yake mawili, na akiyasema Kibera nzima inaamini. Gachanja akasema sawa, lakini video ikikosa kutoka vizuri, yeye ataagiza visu kwingine.

Jioni kabla ya siku ya video Wabwire alikuja kwenye meza.

"Mama Austin, kesho ni yale maneno yako mawili tu."

"Nitaona kisu kwanza."

"Kisu utakiona baadaye. Wewe sema."

Nanyama akafunga gunia lake. Wabwire akainua macho akaangalia mabati. Akasema amekuwa akifikiria hapa mbele pangefaa kuwekwa kabati la kioo la maboksi. Alisema pole pole, kama mtu anayeongea juu ya mvua. Nanyama alielewa. Hata mimi nilielewa, na mimi nilikuwa nahesabiwa kuwa sipo.

Kesho yake wakaja. Gachanja alisimama na viatu vyake vya ngozi pale ambapo hapakuwa na tope. Becky akaelekeza simu, akamwambia Nanyama akate tu kama kawaida halafu aseme ile laini yake, yaani yale maneno mawili. Wabwire mwenyewe ndiye aliyetoa kisu kwenye boksi.

Nanyama akakunja majani. Akakata. Mara ya kwanza sawa. Mara ya pili kisu kikalala upande, na sukuma ikatoka pana kama mshipi wa suruali. Mara ya tatu akasimama, akaangalia kidole gumba. Akakifuta kwenye leso. Kilikuwa na damu kidogo.

"Endelea tu Mama, iko poa," Becky akasema. "Ile laini sasa."

Nanyama akakifunga kisu, akakifungua, akakitikisa karibu na sikio. Kililia.

"Boksi ni zuri," akasema.

Becky akaendelea kushikilia simu.

"Mama, si useme tu," Gachanja akasema. "Ni kitu ya sekunde mbili."

"Nikisema, kuna mtu atakunja sukuma akiniamini." Kisha akamgeukia Wabwire, si simu. "Fundi, hiki hujamaliza."

Wabwire akamweleza Gachanja kwamba huyu mama leo ameamka vibaya. Gachanja akachukua kisu kingine, akakitikisa kwenye sikio lake. Akachukua kingine. Becky akasema kati ya video zote alizowahi kuchukua hii ndiyo ya kwanza yeye mwenyewe ameiamini. Baba yake akamwambia aifute. Wakaondoka. Visu waliviacha. Maboksi walibeba, kwa sababu maboksi aliyalipia Gachanja.

Asubuhi iliyofuata Nanyama alikuta meza yake nje ya mabati, imepangwa vizuri, magunia juu. Aliibeba akavuka reli, akaiweka ng'ambo ya pili ambako hakuna kivuli mpaka mchana. Sukuma ililala. Alinyunyiza maji, ikaamka kidogo, ikalala tena. Jioni alikuwa akirudi nyumbani na gunia karibu lote. Mimi nilibaki. Mandazi hayanyauki.

Kwa Wabwire kabati la kioo halikuja, maana hakukuwa na cha kuweka ndani. Vijana waliondoka. Alibaki na rundo la visu visivyo na maboksi. Siku nyingi nilimwona amekaa anang'oa ile misumari ya mipini iliyolegea, mmoja mmoja, na kuweka mingine.

Siku moja akavuka reli na kisu. Akakiweka kwenye meza ya Nanyama kama zamani, akageuka kwenda.

"Unataka sukuma ya ngapi?" Nanyama akamuuliza.

Wabwire akasema hakuja kununua. Nanyama akamwambia kule alijaribu visu bure kwa sababu alikuwa chini ya mabati ya mtu. Huku hakuna mabati, kuna wateja. Wabwire akaingiza mkono mfukoni.

"Nikatie," akasema.

Akakatiwa. Makali yalikuwa sawa, lakini kilicheza. Akarudi na sukuma yake. Akaja tena, kikakwaruza mpini. Akaja tena. Ile siku Nanyama alikata fungu lote bila kusimama, akalitia kwenye mfuko, akaweka kisu juu.

"Ni kisu."

Wabwire alienda kukaa kwenye reli. Akakaa mpaka mtu akamwambia treni inakuja.

Wiki hiyo alivuka na mabati na nguzo, akampigilia kivuli pale pale ng'ambo. Nanyama alikiangalia, akasema kimeinama. Wabwire akakinyoosha.

Siku hizi wanunuzi huuliza kama kisu kimevuka reli. Vyote vinavuka, na kila kinachovuka kinarudi na fungu lake la sukuma. Mitchelle, msichana wa kwanza wa Wabwire, aliniuliza juzi akinunua mandazi kama baba yake hawezi kutengeneza kitu kinachojaribiwa na nyama.