MG kwa Ng'ombe Kumi na Wawili

Mume wangu Bujiku alifanya kazi gereji ya mgodi wa Mwadui miaka ishirini na miwili. Waingereza wa pale walikuwa na vigari vyao vya wazi vya kutembelea Jumapili, na yeye ndiye aliyelala chini ya vigari hivyo. Alipopunguzwa kazi mwaka 1995 alirudi nyumbani Shinyanga na boksi la spana na kikohozi. Nikadhani mambo ya vigari yameisha.

Miaka miwili baadaye tukamwoza binti yetu Nelly kwa Jilala wa Kagongwa, mchimba dhahabu kule Bulyanhulu. Walileta ng'ombe kumi na wawili. Kwetu Wasukuma, mke akimkimbia mume, ng'ombe wa mahari hurudishwa. Hilo hata mtoto analijua.

Basi Liaquat, mwenye duka la vipuri mjini, akamwambia Bujiku kwamba MG ya marehemu baba yake, kigari cha wazi kama vile vya Waingereza wa Mwadui, bado imo ghalani. Ilikuwa ya mwaka 1979, karibu kabisa na za mwisho kutengenezwa. Bujiku aliizunguka asubuhi nzima. Alipitisha sumaku chini ya milango kutafuta mahali isiponasa, palipozibwa puti juu ya kutu, akagonga sakafu, akalala chini yake. Jioni alinikuta nachambua choroko.

"Wenye kujua wanapenda zile za zamani zenye bampa za krome," alisema. "Hizi za mwisho zina bampa nyeusi za mpira, wanazidharau. Lakini Mama Nelly, zimeinuliwa juu! Kwa barabara zetu hizi, ndiyo yenyewe."

"Na utainunua kwa pesa gani?"

Akatazama zizi.

Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Kesho yake Liaquat aliwapandisha wale ng'ombe kumi na wawili kwenye lori, wakaenda kuuzwa mnadani, na Bujiku akarudi nyumbani anaendesha, mzee mzima anacheka peke yake. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile hata siku ya harusi yetu.

Mwezi wa nne Nelly alirudi, jicho limevimba, kidole kimevunjika.

"Mama, sirudi tena kwa Jilala."

"Hurudi," nikamjibu, na zizi tupu nalitazama.

Wakaja wazee watatu kutoka Kagongwa, wakiongozwa na Ngassa, baba mkubwa wa Jilala. Tukaamkiana, mwangaluka, wakakalishwa. Walitaka ng'ombe wao au mke wao. Bujiku akawapeleka kwenye MG, akatoa ufunguo.

"Chukueni hii, wazee wangu. Inazidi ng'ombe wenu."

Ngassa akaizunguka polepole, akabonyeza ile bampa ya mpira.

"Inazaa?"

"Hapana, mzee."

"Inakamuliwa?"

Wenzake wakacheka. Bujiku naye akacheka kidogo, na hapo nilimchukia kabisa.

"Tulileta ng'ombe," akasema Ngassa. "Mna wiki moja."

Wiki ile Bujiku alihangaika. Liaquat hakuitaka tena. Wanunuzi wa dhahabu Bulyanhulu waliiegemea wakapigwa picha, kisha wakamwambia wao wanataka pikapu ya kubebea mawe. Alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akakaa ndani ya gari uani bila kushuka. Sikumpelekea chakula.

Siku ya saba Nelly alifunga nguo zake mwenyewe.

"Baba, nipeleke."

"Mwanangu, kaa," nilimwambia. "Waje watushitaki."

"Mama, nimechoka kuwaona mnavyohangaika. Na wewe umechoka, usinidanganye."

Ilikuwa kweli, na mpaka leo sijajisamehe kwamba nilinyamaza.

Nilitaka kumsindikiza, lakini gari lile lina viti viwili tu. Bujiku alikunja turubai la paa nyuma kwa sababu ya joto, Nelly akajifunga kitenge kipya kichwani, akaweka mzigo mapajani, wakatoka. Walipofika sokoni, wanawake wa pale walimwona msichana ndani ya gari la wazi linalong'aa, wakadhani ni bibi harusi. Nilivisikia vigelegele vyao nikiwa uani.